Usiniandike

Kutoka ufukweni kwetu Malindi kuna njia mbili za kupanda mjini. Moja hupita mbele ya banda la samaki, penye mizani, meza ya saruji na kiti changu cha plastiki. Ya pili huzunguka nyuma ya mitumbwi mibovu, ikaingia kichochoroni na kutokea msikitini. Hiyo ya pili hakuna anayeipita akiwa na samaki.

Ami yangu aliipita hiyo ya pili.

Ilikuwa Julai, kusi limeshika tangu alfajiri. Nilikuwa nimejifunga leso kichwani mchanga usiniingie masikioni, ubao wa kupimia nimeupakata, fomu nimeibana kwa jiwe. Nilimtambua kwa mwendo wake: kafi begani, kapu mkononi, mwenzake wa mtumbwi ametangulia hatua kumi kama watu wasiojuana. Nikamwita, nikamwamkia. Akasimama lakini hakusogea.

"Ami, nije nipime?"

Akalipindua kapu. Mishipi iliyokunjwa, chupa ya maji, kipande cha ngisi cha chambo kilichoanza kukauka. Basi.

"Leo nimetoka kapa, mwanangu. Usiniandike."

Sikumwandika.

Ni wiki saba sasa na neno hilo halijanitoka. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekaanga nalo mahamri.

## Kazi ya kuandika

Nilikuwa nimepata kibarua cha miezi mitatu cha kuandika samaki wanaoshushwa, katika mradi ambao sina haja ya kuutaja. Siku nilizopangiwa, nakaa bandani kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mnada uishe. Chombo kikifika naandika: ni mtumbwi, hori, dau au mashua, watu wangapi, wamevua kwa mishipi, nyavu au madema, wametoka saa ngapi, wamerudi saa ngapi, wamepata nini, kilo ngapi, bei gani. Kisha nachagua samaki kadhaa wa kila aina, nawalaza ubaoni mmoja mmoja, pua imegusa kingo ya mbao, nasoma sentimita mpaka kwenye panda ya mkia.

Kazi rahisi, mpaka umlaze tafi. Tafi ana miiba mgongoni na tumboni, yenye sumu. Asiyemjua humshika kama kipande cha sabuni, kisha hushinda kutwa amechovya mkono kwenye maji ya moto. Mimi nilichomwa siku ya pili. Mama karanga mmoja, wale wauza samaki wa kukaanga, aliyekuwa akisubiri mnada alinicheka mpaka akakaa chini, halafu ndiye aliyenifundisha: telezesha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, miiba italala yenyewe. Nimepima tafi wengi tangu hapo na sijachomwa tena.

Kuna samaki ambao hawakuwahi kufika ubaoni. Kitoweo. Kabla ya mizani kila mvuvi hutoa chake: mtungo wa changu wawili watatu wa nyumbani, pono mmoja wa jirani aliyefiwa, kolekole wa kijana aliyesaidia kusukuma chombo. Kumwambia mtu aweke kitoweo cha mamake juu ya mizani ni utovu wa adabu, na mimi nimelelewa. Nilikuwa nikikadiria kwa macho.

Hili la kitoweo hata waliotufundisha walilijua, na wenye kupiga hesabu wana namna ya kuliongeza. Halikunikosesha usingizi. Kilichonikosesha ni wale samaki ambao hawakupatikana.

## Sita kati ya kumi

Tuchukue mfano. Asubuhi vinatoka vyombo 10. Sita vinarudi na kilo 20 kila kimoja, vinapita bandani, naviandika. Vinne vinarudi vitupu na watu wake wanapita njia ya msikitini. Fomu yangu jioni inasema kilo 20 kwa safari. Ukweli ni kilo 120 ugawanye kwa 10, yaani 12.

Mwaka wa pili mambo yameharibika. Vinatoka vilevile 10, lakini vinavyopata kilo 20 ni vinne tu. Ukweli umeshuka hadi 8. Fomu bado inasema 20.

Mwaka wa tatu kinapata kimoja. Fomu: 20.

Kwenye chati mstari umelala sawa, kama maji mafu.

Mavuno kwa kila safari, au kwa kila saa ya kuvua, ni miongoni mwa vipimo vinavyotegemewa sana kukisia kama samaki wanaongezeka au wanapungua, kwa sababu bei yake ni nafuu: unamkuta mvuvi ameshafanya kazi ngumu, wewe unaandika tu. Wala hakiishii bandani. Haiwezekani kukaa kila banda kila siku, basi huchaguliwa mabanda machache na siku chache, halafu wastani huzidishwa kwa siku za kuvua na kwa idadi ya vyombo vilivyohesabiwa pwani nzima katika sensa ya wavuvi, ambayo hufanywa kila baada ya miaka kadhaa. Kosa langu la kichochoroni lilikuwa likiondoka Malindi dogo na kufika mbele limenenepa.

Na nisimsingizie mtu. Fomu ilikuwa na mahali pa kuandika safari zilizotoka kapa. Tulionyeshwa siku ya kwanza kabisa. Ilikuwa safu ya mwisho kulia, nyembamba, na mimi niliiacha nyeupe kwa ami, na kwa wengine waliopita njia ile kabla yake na baada yake. Karatasi zangu zilikuwa safi. Nilisifiwa kwa usafi wake.

Sufuri ingesema: nilitazama, hakuna. Nafasi nyeupe haisemi kitu, na aliye mbali na kompyuta yake hana budi kuamua peke yake ilikuwa na maana gani.

## Kutupa wavu pasipo samaki

Nikaanza kusoma wenye meli wanafanyaje.

Meli ya Norwe, Dr Fridtjof Nansen, inayofanya kazi na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipita katika maji ya Kenya mara kadhaa kati ya 1980 na 1983 kukisia tuna samaki kiasi gani. Miaka mingi baadaye Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ikapata meli kutoka Ubelgiji. Huko ilikuwa ikiitwa Zeeleeuw, hapa ikabatizwa Mtafiti.

Nilidhani meli kama hizo huzunguka zikitafuta samaki. Sivyo. Katika utafiti wa wavu wa kukokota, eneo hugawanywa kwa kina cha maji, kila kipande kikapangiwa vituo kwa bahati nasibu, na meli huenda kwenye vituo hivyo pawe na samaki pasiwe. Wavu uleule, muda uleule, mwendo uleule. Wakipata tani, wanaandika tani. Wakipata kaa wawili na kandambili, wanaandika kaa wawili.

Nilimweleza ami haya barazani kwake, chai ikiwa mezani.

"Yaani wajua hapana samaki na watupa?"

"Hawajui, ami. Ndiyo maana wanatupa."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Na mafuta analipa nani?"

Swali lake lina uzito kuliko alivyodhani. Meli ya utafiti ni ghali kila siku inayokuwa baharini, na ndiyo maana hupita, halafu ikapita miaka. Katika miaka hiyo ya kati kinachobaki ni watu kama mimi na viti vya plastiki.

Lakini nilikitafakari kicheko chake. Ami hana mashine ya kumwonyesha njia. Hupanga mnara wa msikiti na mnazi fulani uliopinda, kisha akatafuta alama nyingine upande wa kaskazini, mpaka ajue kwa hakika kwamba mwamba wake uko chini ya mtumbwi. Elimu hiyo yote, ya baba na babu, ni elimu ya kukwepa sufuri. Basi kilo zake zinanieleza ustadi wake kwanza, habari za bahari baadaye. Na siku ambayo mtu kama huyo ametoka kapa ndiyo siku iliyokuwa na habari.

Nami nikaiacha ipite kichochoroni.

## Samaki wa Newfoundland

Kuna waliolipia kosa la namna hii kwa bei kubwa kuliko yetu, tena ni Kanada, nchi yenye fedha na wanasayansi. Jina la samaki wenyewe kwa Kiingereza, ukiliandika kwa Kiswahili, linatoka "kodi", na sisi bandani kodi hatuipendi hata ikiwa na mapezi. Nitamwita samaki wa Newfoundland, pwani ya mashariki ya huko.

Katika miaka ya 1980 walikuwa na vipimo viwili. Meli ya utafiti iliyokwenda kila mwaka kwenye vituo vya bahati nasibu, na takwimu za meli kubwa za biashara. Namba za meli ya utafiti zilikuwa zikirukaruka, mwaka huu juu, mwaka ujao chini, hazimtulizi mtu. Za meli za biashara zilipendeza. Samaki walipokuwa wakipungua hawakutawanyika. Walijikusanya, na meli zenye vyombo vya kisasa zikawafuata palepale walipojikusanya. Kila zilipotupa zilipata. Waliokuwa wakipiga hesabu waliziamini mno namba hizo za biashara, wakakisia samaki kupita walivyokuwa.

Wavuvi wadogo wa pwani, wenye vyombo vidogo visivyofuata samaki mpaka mbali, walikuwa wakilalamika tangu katikati ya miaka hiyo kwamba samaki hawaji tena kama zamani.

Tarehe 2 Julai 1992 serikali ilifunga uvuvi huo. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi. Ilisemwa ni kwa miaka miwili.

Amri ile iliondolewa 2024.

Nimejaribu kumfikiria mvuvi mmoja wa huko, sema mwaka 1986, anapanda kutoka baharini na kapu tupu. Huenda huko nako kuna njia ya nyuma.

## Kimya hakifanani

Jambo lililonivuruga zaidi katika wiki hizi ni kugundua kwamba kila njia ya kuhesabu samaki ina kimya chake, na vimya hivyo havielekei upande mmoja.

Meli zinazotumia mwangwi hupeleka sauti chini na kusikiliza inavyorudi. Sehemu kubwa ya sauti hurudishwa na kibofu cha hewa kilicho ndani ya samaki. Papa na taa, yule samaki bapa, hawana kibofu hicho. Wanaweza kupita chini ya meli na mashine isiseme lolote la maana. Hapa kimya kinasomeka kama upungufu.

Wapiga mbizi nao hutandaza utepe juu ya matumbawe, tuseme wa mita 50, wanaogelea polepole wakiandika kwenye kibao kila samaki aliye upande huu na upande huu, aina yake na ukubwa wake. Hivi ndivyo mtafiti wa matumbawe Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakihesabu samaki wa miamba ya Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa sababu walianza mapema, joto la bahari la 1998 lilipoua matumbawe mengi pwani yetu kulikuwa na daftari la kabla na daftari la baada. Naliheshimu sana jambo hilo. Lakini samaki wa hifadhi ya Malindi, iliyotangazwa 1968, wamezoea watu. Huja mpaka kwenye miwani yako. Pono wa nje ya hifadhi ameishi na mikuki na bunduki za samaki. Akiona kivuli chenye miguu ameshaingia pangoni kabla hujainua penseli. Yupo, ila hakuandikwa. Naye alipita njia ya nyuma.

Kisha kuna vibandiko, na hapa nikae kidogo.

Kati ya 2005 na 2007 jodari zaidi ya 160,000 walivuliwa katika Bahari ya Hindi, wakachomekwa kibandiko chembamba cha plastiki mgongoni na kurudishwa majini wakiwa hai. Wengi wao waliachiliwa katika maji ya Tanzania, majirani zetu hapa. Atakayemvua mmoja na kurudisha kibandiko hupewa zawadi. Hesabu yake hata mtoto wa madrasa ataielewa: ukitia alama samaki 100, baadaye ukavua 50 na ukakuta 5 wana alama, basi bahari ina kama 1,000.

Sasa, wavuvi wale wamepata vibandiko 5 lakini vitatu wamevitupa, ama kwa uvivu, ama hawakujua, ama hawataki mambo ya kuulizwaulizwa. Vinarudi 2. Hesabu inasema samaki 2,500.

Hapa kimya kimesomeka kama neema.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje, kwa sababu nilijiona. Niliporudi nikasoma kwamba wenye mradi ule walilijua hilo. Walikuwa na watu melini waliopachika vibandiko kwa siri kwenye samaki waliokwisha kuvuliwa, kisha wakangoja waone ni vingapi vitarudi. Yaani walipima kimya chenyewe, kipande kwa kipande, wapate kukitoa kwenye hesabu.

Sikujua kwamba kimya kinapimika.

## Kichwa cha changu

Katika hizo wiki saba nilitamani kipimo kisichohitaji mtu yeyote aseme kweli. Kipo. Samaki ana vijiwe masikioni, ndani ya fuvu, vinavyokua kwa tabaka, na tabaka huhesabiwa kama za mti uliokatwa.

Mama alinunua changu Ijumaa moja, nikaomba kichwa.

"Kichwa ndicho kitamu, nawe wataka kukipasua?"

Nilipasua. Kisu juu ya macho, fuvu likafunguka, ubongo mdogo kama punje ya maharage, na chini yake, kila upande, kijiwe cheupe kigumu chenye kingo za kukwaruza. Nilivisafisha kwa kidole cha shahada, nikaviweka juu ya sinia jeusi. Vilikuwa vizuri ajabu. Nilivigeuza kwenye mwanga wa dirisha na sikuona tabaka hata moja.

Maabara hukata kipande chembamba katikati ya kijiwe, hukisugua mpaka mwanga upite, wakakiweka chini ya hadubini. Katika nchi za baridi tabaka hujichora vizuri, kwa sababu samaki hukua kiangazi na kukaribia kusimama majira ya baridi. Huku kwetu majira hayatofautiani sana na tabaka ni hafifu, kusomwa kwake kunataka jicho lenye mazoezi, lakini kwa aina nyingi zinasomeka. Ukishajua umri wa samaki mia mbili tatu, unaweza kuona kama wazee wangali wapo au soko zima limekuwa la watoto. Wazee wakitoweka, uvuvi umewala.

Ubao wangu ulikuwa ukifanya kazi hiyo kwa bei ya maskini. Sentimita badala ya miaka. Mwaka kwa mwaka changu wakifupika, na wengi wakiwa hawajafikia urefu wa kuzaa, hiyo ni habari, hata kama hakuna aliyekuambia ukweli kuhusu kilo.

"Haya, alikuwa na miaka mingapi?" Mama akauliza.

"Sijui."

"Basi umeniharibia kichwa bure."

## Ami ana sababu zake

Wiki ya nne nilimuuliza. Sikumuuliza kama mwandishi wa fomu, nilimuuliza kama mtoto wa ndugu yake: kwa nini usiandikwe?

Kwanza alisema aibu, akanyamaza kana kwamba imetosha. Nikamngoja.

Halafu akasema bandani kuna masikio. Mishipi yake amekopeshwa na tajiri, na tajiri humkata kwenye mauzo. Mtu akisikika ametoka kapa siku tatu mfululizo, wiki ijayo akiomba pesa za kukopa anaambiwa ngoja.

La tatu alilisema akitazama pembeni. "Ukiandika samaki wamekwisha, watafunga bahari. Ukiandika wako tele, wataleta meli. Sasa niambie, niandike nini?"

Hakuwa anasema tu. Wazee wetu wanazikumbuka meli za kuvua kamba kwa nyavu za kukokota katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini yetu hapa, zilivyosimamishwa 2006 baada ya ugomvi mrefu na wavuvi wadogo, na mpango uliotungwa 2010 ulivyozifungulia njia ya kurudi kwa masharti. Kila mara karatasi zilitangulia.

Nilijaribu kumtetea mwenye kalamu. Nikamweleza habari za jodari wa mapezi ya njano: mwaka 2015 wanasayansi wa Bahari ya Hindi walisema amevuliwa kupita kiasi, na 2024 tathmini mpya ikasema hayuko tena katika hali hiyo, na sehemu ya sababu ni kwamba kipimo cha mavuno kwa juhudi, ndugu wa kile cha kilo kwa safari, kilipangwa upya. Nilidhani namwonyesha watu wasioona haya kujisahihisha.

"Kwa hivyo miaka yote hiyo hawakujua."

"Walijua kwa kadiri ya walichoandikiwa, ami."

"Na wewe uliwaandikia nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kulikuwa na jingine ambalo hata yeye hakulijua. Safu ya saa. Chombo kilipokuja asubuhi yenye msukosuko, watu wanagombania mizani, sikuuliza kila mmoja alitoka saa ngapi. Niliandika wamevua kwa muda wa saa sita. Wote saa sita. Ami akaanza kunieleza, bila kuulizwa, kwamba mwamba wa karibu aliokuwa akifika kwa kafi na kurudi kabla ya jua kupanda haulishi tena mtu. Kwamba sasa hukaa baharini mpaka adhuhuri kupata kilo zilezile. Kwamba vijana wenye mashine huenda mbali mpaka hawaioni nchi kavu. Kilo zilezile, kwa saa zaidi na mafuta zaidi. Bahari iliyopungua ilikuwa ndani ya saa, na saa zote nilikuwa nimezipiga pasi.

Je, ningemwandika ningemdhuru? Bado sijui. Fomu ilitaka namba ya chombo, na namba ya chombo hapa kwetu ni jina la mtu. Kuna siku nasema ilikuwa haki yake kukataa, na kuna siku naona nilijificha nyuma ya haki yake kwa sababu kuamka kitini kuwafuata waliotoka kapa kulikuwa kazi.

## Jumamosi

Kibarua kiliisha mwisho wa Agosti. Sina fomu tena, sina ubao. Jumamosi iliyopita nilichukua daftari la shule la mdogo wangu, nikaenda kukaa juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa, upande wa njia ya nyuma.

Wa kwanza kupita alijifanya hakuniona. Wa pili akauliza kama nimetumwa na kaunti, nikasema hapana, akasema ndivyo wasemavyo wote, akaenda zake. Wa tatu alikuwa ami, na mwenzake hatua kumi mbele.

"Kapa?"

"Kapa."

"Nikuandike?"

Akaitazama bahari kitambo. Akatua kafi.

"Andika."

Nikaandika: mtumbwi, watu 2, mishipi, kutoka saa kumi na moja alfajiri, kurudi saa tano, 0.

Akainama kuchungulia. "Na mkondo?"

"Mkondo gani, ami?"

"Leo bamvua, maji yanakimbia, chambo hakifiki chini. Usiache sufuri peke yake hapo, watu watasema nililala."

Mistari niliyopiga haikuwa na safu ya mkondo. Nikaligeuza daftari nikaandika wima kwenye ukingo wa karatasi: bamvua, mkondo mkali, chambo hakikufika chini.

"Soma."

Nikamsomea.

"Na mishipi miwili imekatika," akasema. "Weka na hiyo."